Ngoma ya Ngina Isikatike

Kitavi hakuwahi kuitwa mwanamuziki. Katika ofisi yao, ghorofa ya nne ya jengo kuukuu pale Moi Avenue, aliitwa "mtu wa sauti", na hata jina hilo alipewa kwa kukosekana jingine. Mlango unaofunguka ndani ya gemu, mbuzi anayelia, maji yanayodondoka mtungini, yote yalipitia masikioni mwake kwanza. Gemu zenyewe zilichezwa kwenye simu, kwa intaneti, na vijana wasiojuana: mmoja Kinoo, mwingine Kisumu, wa tatu hajulikani aliko. Hakuna aliyejua kwamba kuna mtu anaitwa Kitavi. Ndivyo zilivyo kazi nyingi za mji huu. Kazi inasikika, mwenyewe haonekani.

Gemu ya mwaka huo iliitwa Kisima. Wachezaji walichimba, wakachota, wakaibiana maji, na kisima kilipokauka iliwabidi wakusanyike mahali pamoja kuita mvua. Hapo hakuna aliyeweza kushinda peke yake. Walisimama wakingojana, na ngoma ikalia mpaka wa mwisho afike. Ilikuwa ngoma ya kilumi, ile ya Wakamba ya kuombea mvua, na aliyeipiga ni Anti Ngina, dada ya babake Kitavi, aliyemlea katika vyumba viwili mtaani Satellite.

Anti Ngina alikuwa mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani kila Jumapili. Lakini chini ya kitanda chake ililala ngoma ndefu, mwase, aliyokuja nayo kutoka Kangundo, ambako ujanani alikuwa katika kundi la wanawake waliopiga kilumi wakati wa kiangazi. Wenzake wa kanisani walimwambia aichome, ni ya mapepo. "Aliyenipa mikono hakuniambia ya nyanya yangu ilikuwa michafu," aliwajibu, akaenda zake kwenye mazoezi ya kwaya. Kitavi alipomwomba airekodi, aliketi sebuleni, akaibana ngoma mapajani, akapiga hadi jasho likamtiririka shingoni. Haukupita muda mrefu kiharusi kikauchukua mkono wake wa kulia. Hakupiga tena. Kilichobaki cha mikono ile kilikuwa ndani ya kompyuta ya Kitavi.

Siku ya kufungua gemu ilipokaribia, ilibidi aamue ngoma hiyo iende kwa watu katika faili la aina gani. Faili halisi, la wav, lilikuwa na kila kitu: pumzi yake, kiti kikilia, ngozi ikitetema. Lakini hilo peke yake lilikuwa zito kuliko gemu nzima. Kijana wa Kinoo aliyenunua bando la saa moja angelimaliza akingoja ngoma ifike kwenye simu, kabla hajachota hata ndoo moja. Kitavi alikataa. Uzuri unaowafikia tu wenye intaneti ya waya sebuleni aliuona ni wizi uliovaa suti. Basi akalibana faili likawa mp3, jepesi, linalokubaliwa na simu zote, akampelekea shangazi yake asikie.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Anti Ngina aliketi karibu na dirisha, simu mapajani, vidole vya mkono wa kushoto vikiifuata ngoma juu ya blanketi. Ngoma ikafika mwisho, ikaanza upya. Vidole vikasimama.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Anti."

"Irudishe." Akasikiliza tena, kichwa amekiinamisha. "Hapo. Imekatika."

"Ni kitu kidogo. Faili likibanwa hivyo linaachwa na kimya mwanzoni na mwishoni, kidogo tu. Likijirudia, hicho kimya kinasikika."

"Mimi sijui mambo ya faili. Kwetu mwase haukatiki watu wakiwa bado wanacheza. Ukichoka, mwenzako anaupokea. Ukikatika hivi, tap, watu wanaweka miguu chini wanauliza nani. Wanajua mpigaji mmoja ameondoka duniani." Akamtazama kwa jicho ambalo Kitavi alilijua tangu utotoni, jicho la kabla ya kofi. "Sasa umeniweka kwa simu za watu nitangaze matanga kila dakika? Watoto wa wenyewe wanangoja mvua, mimi nawapa kifo?"

"Anti..."

"Itoe, Kitavi. Afadhali wangoje kimya kimya."

Jumatatu aliliweka jambo hilo mbele ya wenzake. Clifford, aliyeandika programu za gemu na aliyekaa meza ya pili, alivaa hedifoni, akasikiliza, akacheka.

"Buda, hiyo kimya inaskika na wewe na mbwa pekee."

"Anti yangu ameisikia."

"Basi aajiriwe hapa. Wewe urudi Satellite ufue."

Kitavi alitaka ogg. Faili la ogg ni jepesi kama mp3 na halina kile kimya. Lakini Debra, mwenye kampuni, alitikisa kichwa kabla hajamaliza kusema.

"iPhone za zamani zinakataa ogg. Alhamisi naenda Spring Valley kuonyesha wenye pesa gemu, hao ndio watatubeba, na yule mzee wao hajabadilisha simu tangu zamani. Nimwambie aje? Mvua yetu ni bubu?"

"Kwa hivyo ngoma iharibike kwa wote ili isimkatae mmoja?"

"Usinifanyie siasa, Kitavi. Nataka kitu inacheza kila mahali. Na ni kitu kidogo, nani atajua?"

Ni kitu kidogo, nani atajua. Nchi hii imejengwa nusu nusu kwa maneno hayo: barabara zimebomoka kwa sababu yake, na watoto wamesoma vitabu vyenye kurasa pungufu. Kila anayeyasema humfikiria mtu wa chini, kisha huamua kwa niaba yake kwamba masikio yake hayasikii. Kitavi angeweza kuyasema hayo yote, na kwa hasira aliyokuwa nayo angeyasema kwa sauti. Lakini mikono yake ilikuwa juu ya meza, na bila kujua ilikuwa ikipiga. Wa kulia ukachoka. Wa kushoto ukaingia juu yake, ikapiga pamoja, kisha wa kulia ukatoka. Ukichoka, mwenzako anaupokea.

"Clifford. Gemu inaweza kucheza faili moja mara mbili kwa wakati mmoja?"

"Inaweza. Kwani?"

"Ya kwanza isifike mwisho ikiwa peke yake. Ya pili iingie juu yake, zipige pamoja kidogo, halafu ya kwanza itoke. Kimya cha moja kitafunikwa na ngoma ya nyingine. Tunabaki na mp3, kila simu inacheza."

Clifford alikuna kidevu. "Lazima mapigo yaoane. Yakipishana hata kidogo itakuwa fujo, kama harusi ya watu hawajuani."

"Mapigo niachie mimi."

"Hiyo ni kazi mara mbili, buda."

"Ndiyo."

"Haya, leta hiyo makitu."

Alhamisi ngoma ililia Spring Valley bila kukatika, katika simu ya mzee yule, naye akauliza kama mpigaji anaweza kualikwa. Debra alirudi na habari hiyo akitabasamu. Kitavi aliikunja moyoni kama zawadi. Angeipeleka Satellite Jumamosi, pamoja na ngoma isiyokatika, aisikie simuni.

Ijumaa asubuhi jirani yao, Mama Stellah, alipiga simu. Hakuzungumza sana. Alisema tu, "Kitavi, njoo nyumbani," na Kitavi akajua.

Gemu ilifunguliwa Jumatatu bila yeye. Jumatano walimzika Anti Ngina Lang'ata, kwa kuwa shamba la Kangundo kaka zake walikuwa wameligawana zamani na hakuna aliyekumbuka kwamba dada naye ana mwili utakaohitaji udongo. Kwaya iliimba vizuri. Mchungaji alisema maneno ya upole, akataja imani yake, bidii yake, ukarimu wake. Ngoma hakuitaja. Wa lile kundi la wanawake hakubaki hata mmoja wa kuipiga. Kitavi alisimama ukingoni mwa kaburi akisikiliza koleo, na jambo moja likamjia: mpiga mwase anafukiwa, na hakuna mwase uliokatika.

Hakwenda Satellite kunywa chai ya matanga. Alikwenda mjini, akapanda ngazi hadi ghorofa ya nne.

"Rudisheni ngoma ya kwanza," alisema. "Ile yenye kimya. Bila kupokezana."

Debra aliinuka. "Leo? Tumefungua juzi! Watu watasema gemu imeharibika."

"Waseme."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka giza liingie."

Debra alitazama viatu vya Kitavi, udongo mwekundu wa makaburini umeganda mpaka kwenye kamba. Akaketi. "Mpaka giza," alisema taratibu. "Clifford, mfanyie."

Clifford hakufanya mzaha. Alibadilisha, kisha akavaa hedifoni. Ngoma ikalia, ikafika mwisho, ikakatika, ikaanza. Akazivua, akaziweka mezani.

"Imeskika," alisema.

Ujumbe wa wachezaji ulianza kumiminika pembeni mwa kisima. Sauti imebuma. Ni network yangu ama? Mnatuchezea, amkeni huko. Kitavi aliusoma wote akiwa amesimama. Kisha mchezaji mmoja, ambaye jina lake lilikuwa tarakimu tupu, aliandika maneno mawili:

Nani amekufa?

Kitavi aliyatazama mpaka herufi zikaanza kuogelea. Akavuta kiti, akaandika: Ngina Nzomo, mpiga mwase, wa Satellite.

Kwenye kioo, katikati ya wale waliokuwa wakirukaruka kungoja mvua, mtu mdogo wa mchezaji yule alitua mtungi wake chini, akasimama kando yake. Hakuchota tena mpaka giza lilipoingia, na ngoma ikapokelewa.