Pini Midomoni

Barazani zimebaki alama nne za miguu ya cherehani. Mama mkwe akifagia huzizunguka, kana kwamba cherehani ingalipo. Asubuhi nazo zimepoa. Ule mlio uliokuwa ukiamsha nyumba nzima haupo tena.

Fundi alishonea pale miaka sita, tangu aolewe. Mumewe alikuwa dereva wa lori, leo yupo kesho hayupo, kwa hiyo mwenye kauli nyumbani alikuwa mama mkwe. Na mama mkwe alikuwa na ulimi.

"Hiyo suruali unaishona au unaitesa?"

Fundi hakumjibu hata siku moja. Alichukua pini tatu nne, akazibana midomoni, akainamia kazi. Mwenye pini midomoni nani atamlazimisha kusema? "Mm," aliitikia kwa pembe ya mdomo, moyo ukimchemka. Aliona amepata ngao.

Siku moja mwalimu wa chekechea akamwita. Binti yake wa miaka minne, waliyemwita Kifungo kwa udogo wake, haongei darasani.

"Nikimkosoa kidogo tu anakaza midomo, anainama, anasema 'mm'. Mpeleke hospitali, mama. Huenda ulimi una shida."

Fundi alirudi nyumbani haelewi. Mtoto huyuhuyu akiwa peke yake huongea hadi na kuku. Jioni akawa anakata gauni, huku akimsikiliza akicheza chini ya meza na wanasesere wake wa vitambaa. Mwanasesere mkubwa alikuwa akigomba: "Unaishona au unaitesa?" Kifungo akaokota njiti tatu za kiberiti zilizokwisha kuwaka, akazibana midomoni, akainama.

"Mm."

Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa. Ulimi wa mtoto haukuwa na shida yoyote. Miaka yote hiyo fundi alidhani anajifundisha kuvumilia peke yake. Kumbe darasa lilikuwa na mwanafunzi.

"Na hilo gauni," mama mkwe alisema kutoka mlangoni, "ni la mtu au la kuvalishwa gunia?"

Mkono wa fundi ulikwenda wenyewe kwenye pini. Chini ya meza, mkono mdogo ulikwenda kwenye njiti. Fundi akauona, akaziacha pini zilipo.

"Ni la mteja, mama." Sauti ilimkwaruza kama bawaba iliyokaa bila mafuta. "Na nalishona vizuri. Ukisema hivyo naumia."

Mama mkwe akavuta kigoda, akaketi.

"Kumbe unaongea. Nilidhani mwanangu kaniletea bubu."

"Hata mimi naongea, bibi," ikasema sauti chini ya meza.

Baada ya hapo walibishana karibu kila siku, na wakapatana kuliko zamani.

Sasa fundi ana chumba chake cha kushonea mtaa wa pili, mkabala na kinyozi. Pini anazichomeka kwenye kitakia alichojifunga mkononi.