Kusindikizana Kwenye Treni ya Uwanja wa Ndege

Kwetu Koboko, Uganda, mgeni haagwi mlangoni. Ukimwacha mlangoni ni kama umemfukuza. Unatoka naye, unamfikisha hadi kwenye pampu ya maji, mnasimama na kuongea yale mliyosahau kuongea ndani. Halafu yeye naye anaona vibaya urudi peke yako, anageuka kukurudisha nusu ya njia. Mume wangu anasema mimi nimezidi. Wifi yangu aliwahi kuja kutusalimia, nikamsindikiza, akanirudisha, nikamsindikiza tena, mwishowe usiku ukaingia, akalala kwetu.

Nasema haya mapema ili nikifika kwenye kosa langu msiniite mjinga kabla ya wakati.

Nilikwenda Japani kwa wiki tatu kujifunza kukausha na kuhifadhi maharage. Kikundi chetu cha akina mama kiliambiwa kichague mtu mmoja mwenye mdomo, na mdomo ninao. Nilikaa kwa bibi mmoja mjane, hatua chache kutoka kituo kidogo cha reli inayounganisha mji wao na uwanja wa ndege. Treni yenyewe ilikuwa na mabehewa mawili tu. Ilipita katikati ya mashamba ya mpunga, nyuma ya nyumba za watu, karibu kabisa na kamba za nguo, hata nikajua nani anafua siku gani.

Niliipenda treni ile, sifichi. Kila asubuhi niliipanda kwenda darasani mjini, na kila asubuhi nilikaa mbele nimwangalie dereva. Alivaa glovu nyeupe safi kama za bwana harusi. Siku ya kwanza nilimwona ananyoosha kidole mbele na kusema maneno, nikadhani anamsalimia mtu. Nikachungulia, hakuna mtu. Jioni yule bibi akanieleza kwa simu yake inayotafsiri kwamba dereva anajitajia taa aliyoiona, ili asije akaipita bila kufikiri. Basi nikampenda na dereva pia, maana mimi mwenyewe huongea na sufuria zangu. Marehemu baba alikuwa askari, na treni aliyoijua ni ile ya zamani ya Pakwach, ambayo yeye alisema ilikuwa inafika siku ikijisikia. Hii ya kwao ilifika dakika ile ile iliyoandikwa ukutani, na watu walisimama kwenye mistari iliyochorwa chini, kimya, wakingoja mlango uje mbele yao.

Ndege yangu ya kurudi ilikuwa Jumatano. Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja na ng'ombe wa mahari kumchukua binti yangu wa kwanza. Katika ukoo wetu mama wa binti ndiye anayewapa wakwe maji ya kunawa. Asipokuwepo shughuli inaahirishwa, na maneno yanamwangukia binti, kwamba mama yake hakumtaka yule mume. Wiki ile binti yangu alinipigia simu mara tatu kuuliza jambo moja tu, kama nitafika. Nikamwambia nitafika, aache kunisumbua, ashone nguo zake.

Asubuhi ya safari yule bibi alinipikia wali, samaki na supu, na mimi sikuweza kuinuka mezani kabla sahani hazijaisha. Tukatoka nyumbani tumechelewa kidogo. Nilidhani ataniaga kwenye geti la kituo, lakini treni ilipofungua milango akaingia nami. Akaonyesha vidole vitatu: vituo vitatu, halafu atashuka arudi. Machozi yalinilengalenga. Wiki tatu nzima nilikuwa nimejiambia watu hawa hawajui kusindikiza.

Tukakaa bega kwa bega. Kituo cha tatu kilipofika akasimama, akainamisha kichwa, akashuka. Nikamwona kwa nyuma, mdogo, na mkoba wake begani, anarudi peke yake kwa sababu yangu. Miguu yangu haikuniuliza. Nikashuka kumrudisha, angalau mpaka kwenye ngazi.

Nilikuwa nimempa mkono tu, wimbo wa kufunga milango ukalia. Milango ikafungwa. Sanduku langu lilikuwa ndani. Mkoba wangu wenye pasipoti ulikuwa juu ya kiti, nilipouacha kama mtu anayetoka kumwaga maji na kurudi. Treni ikaondoka taratibu, dereva na kidole chake mbele, na mimi nikabaki pale mikono mitupu.

Niliogopa vile ambavyo sijawahi kuogopa. Sikuwaza polisi, sikuwaza kulala ugenini. Niliona uwanja wa nyumba yetu Koboko Jumamosi, wakwe wamekaa, beseni la maji lipo, na binti yangu anaangalia barabarani. Nikaanza kulia mbele za watu, kwa sauti ya kwetu, ile ya msibani. Watu wote kwenye jukwaa wakageuka.

Yule bibi hakunikaripia. Alinishika kiwiko akaniburuta hadi ofisini kwa mfanyakazi wa kituo, mwanamume wa makamo mwenye kofia. Akamweleza, na mimi nikachora sanduku kwenye karatasi, nikalichorea na kamba nyekundu niliyofunga mpini. Mfanyakazi akapiga simu kituo cha mwisho. Akasikiliza, akaandika, akaweka simu chini. Kisha akauliza jambo, na bibi akaandika swali lake kwenye simu ya kutafsiri, akanisogezea nisome: kwa nini nilishuka?

Nikajibu kweli. Nikasema kwetu mtu aliyekusindikiza hawezi kurudi peke yake.

Bibi alisoma jibu langu mara mbili, akamsomea na yule mwanamume. Hawakucheka. Mwanamume alivua kofia, akaivaa tena, akatupeleka mwenyewe kwenye mstari wa treni inayofuata. Tulingoja dakika kama ishirini, nami nikaona kama nimengoja kwa miaka.

Safari hii bibi hakushuka katikati. Tulikwenda naye mpaka mwisho wa reli, kwenye uwanja wa ndege, na pale ofisini palikuwa na sanduku langu na mkoba wangu, vimewekwa sambamba, kamba nyekundu imenyooshwa vizuri. Hata kitambaa changu cha jasho kilikuwa kimekunjwa. Muda wa ndege ulikuwa umebaki kidogo, lakini ulitosha.

Treni ya kurudi mjini ilikuwa tayari imefungua milango upande wa pili. Nikamfikisha bibi mpaka mlangoni mwa behewa, hapo hakuna ambaye angenizuia. Aliingia, akageuka, na aliponiona nimesogea, akaninyooshea kiganja, vidole vimesimama wima, karibu kabisa na kifua changu. Akakishikilia hapo mpaka milango ilipofungwa. Tuliangaliana kwenye kioo, yeye anacheka, mimi nacheka na kulia.

Ndege ndogo ilinishusha Arua Ijumaa, na binti yangu alikuwa pale uwanjani ananisubiri. Nilimsimulia njia nzima mpaka Koboko, na kile kiganja nikamwonyesha mara nyingi, akacheka mpaka dereva wa gari akapunguza mwendo. Jumamosi wakwe walikuja kutoka Ayivu, nikawapa maji kwa mikono yangu mwenyewe, na hakuna aliyekuwa na neno.

Alasiri wakaondoka naye. Kwetu shangazi ndio wanaokwenda na bibi harusi, mama hubaki. Najua hivyo tangu nilipokuwa msichana. Nikamfikisha mpaka kwenye gari, nikamwekea shuka lake vizuri, nikawaambia shangazi zake wasifungue dirisha. Halafu nikaona mguu wangu mmoja umeshapanda.

Binti yangu akaninyooshea kiganja, vidole vimesimama wima.

"Mama, wewe baki hapa," akasema. "Ayivu iko karibu tu."

Nikashusha mguu. Gari likaondoka, nikasimama barabarani mpaka vumbi likatulia, halafu nikarudi nyumbani, na hakuna aliyenirudisha.