Mguu wa Bi Somoe

Mimi ni fundi wa miguu ya bandia hapa Mtwara, na nilikuwa najiona fundi kwelikweli. Bi Somoe, mkulima wa korosho kutoka Mpapura, alirudi kliniki mara tatu akilalamika kwamba mguu niliomtengenezea unamwangusha chali. Kila mara nilimtembeza mbele yangu akiwa na viatu vyake, akatembea vizuri. Mara ya tatu nikamfokea, "Mama, mguu hauna kasoro. Ni woga wako tu!" Akainama, akaondoka.

Wiki iliyopita alifiwa na dada yake, nikaenda kumpa pole. Nilikuwa mlangoni kwake navua viatu, yeye akafika akitoka kisimani. Akavua vyake, akapiga hatua moja ndani, akaanguka chali mbele ya waombolezaji.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mguu ule niliupima ukiwa ndani ya kiatu chenye kisigino. Bila kiatu, sehemu ya nyuma ya mguu ilishuka, ukawa unamsukuma nyuma.

Nikamwinua. "Mama, mbona hukuniambia unaanguka ukivua viatu?"

Akaviangalia viatu vyangu, bado nimevishika mkononi.

"Kwani wewe, mwanangu, kwenu mnaingia navyo ndani?"