Sombe ya Nazi

Mdogo wangu alikuwa na miaka minane tulipofika Lushoto, mimi kumi na mitano. Wazazi wetu walifia Kongo. Tulikuwa tumekaa kambini Kigoma muda mrefu, hadi muuguzi mmoja wa zahanati ya kambi alipostaafu, akatuombea kibali, akatuchukua kwao milimani. Tukamwita Mama.

Asubuhi ya kwanza mdogo wangu alifungua dirisha, akarudi kitandani mbio akisema kijiji kinaungua. Ulikuwa ukungu tu, umelalia mashamba ya kabichi.

Kiswahili tulikijua, ila chetu kilikuwa cha Kongo. Kwetu dada mkubwa huitwa yaya, na mdogo wangu alinifuata kila mahali akiniita hivyo. Majirani wakadhani Mama ameleta mtoto pamoja na mlezi wake wa kuajiriwa, na mmoja wao akaja kuuliza kama ningeweza kumfulia na yeye pia. Mama alicheka hadi akakaa chini.

Mama mkwe wake, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya zizi, hakucheka. Tulikuwa tumemsalimu "Jambo, Bibi," kama tulivyozoea, naye akatutazama, asijibu. Mama akatueleza kwamba huku mtoto humwamkia mkubwa kwa shikamoo, na hakuna mjadala. Mdogo wangu akalishika somo kwa bidii. Aliwaamkia wazee, akawaamkia wanafunzi wenzake, na jioni moja akamwamkia ng'ombe.

"Marahaba," Bibi akajibu kutoka nyuma ya zizi.

Kuanzia hapo akawa wetu. Alitufundisha Kishambaa huku tukimenya viazi, na tulipokosea alirudia neno polepole, kama mtu anayemlisha mtoto uji.

Kitu kimoja tu kilitushinda kukizoea, nacho ni kukosa sombe. Tuliitaja kila mara, wala Bibi hakujua ni nini, mpaka nilipoeleza kwamba ni majani ya mihogo yaliyotwangwa. Bibi akasema, kumbe ni kisamvu, basi tungesema. Siku ya soko akamwagiza mama mmoja wa Mnazi, kule tambarare ambako mihogo hustawi, naye akatuletea fungu kubwa.

Nikaanza kutwanga. Mdogo wangu alisimama karibu na kinu, halafu akalia kimya kimya, kwa sababu mlio ule ulikuwa wa uani kwetu, wa mama yetu mzazi. Nami nikaacha kutwanga. Bibi aliingia ndani akatoka na mchi wa pili, akasimama upande wa pili wa kinu, akaanza kupokezana nami. Pigo langu, pigo lake. Muda si mrefu mdogo wangu alikuwa anatupigia makofi ya kufuatisha, kamasi bado puani.

Mawese ya kuungia, kama ilivyo kwetu, hayakupatikana. Bibi alikuwa na nazi alizoletewa kutoka Muheza, akasema kwao kisamvu huungwa kwa tui, akaunga. Tulipokaa kula, wote tulimtazama mdogo wangu. Akatafuna taratibu.

"Bibi, hii si sombe," akasema.

Mama akaweka tonge chini. Bibi akangoja.

"Lakini niongezee."

Bibi akamwongezea, akajiongezea na yeye. Sufuria ilikwanguliwa hadi ikang'aa, na wiki iliyofuata jirani yule aliyetaka nimfulie akaja na bakuli lake kuonja.

Sasa mdogo wangu amemaliza kidato cha nne. Anaimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisani, na Kishambaa chake kimekolea kuliko cha wajukuu wa Bibi walioko Dar. Mimi nina kibanda changu cha chakula karibu na soko. Ijumaa huwa napika sombe, wiki moja ya nazi, wiki nyingine ya mawese nikiyapata. Wateja hubishana ipi ni tamu zaidi. Mimi huwaacha wabishane, huku nikiendelea kupakua.