Msimu Dada Nekesa Alipojifunza Ugeni

Majani ya ng'ombe yakikatwa asubuhi ya Julai, kabla ukungu haujainuka, yana harufu mbichi kabisa, kama tango lililopasuliwa. Hiyo harufu ndiyo Mutuini yangu, pembezoni mwa Nairobi. Mtu mwingine akisikia Nairobi anawaza maghorofa na foleni za magari. Mimi nawaza nyuma ya nyumba ya Cucu, nyanya yangu mzaa mama, mahali ambapo ng'ombe wetu Kanini alikuwa akitafuna huku pua yake ikitoa mvuke kama sufuria ya chai. Baridi ya mwezi huo ilikuwa inaingia hadi kwenye meno. Tuliishi wawili tu, Cucu na mimi. Mama alikuwa akifanya kazi ya nyumba huko Loresho na kulala huko huko, akija Jumapili moja na kuruka ya pili. Jioni akiondoka mimi nilikuwa najificha zizini nikijifanya nampa Kanini majani, kwa sababu sikujua mtu anauambia nini mgongo unaokwenda. Nilikuwa na miaka minane, na nilikuwa nimeshaamua kwamba kazi ya watu wazuri ni kuondoka.

Kanisa letu lilikuwa la mabati, lakini ndoto yake ilikuwa kubwa kuliko paa lake. Lilitaka kutuma mmisionari ng'ambo. Sisi tulizoea kwamba wamisionari ni watu wanaokuja, wa kutoka mbali, wenye kofia pana na magoti mekundu. Kwamba hata sisi wa Mutuini tunaweza kumtuma mtu wetu kwa watu wengine, hilo liliwafanya wazee watembee wima. Mchungaji mwenyewe aliwahi kutumika nchi ya mbali, na alisema wazi kwamba miaka yake miwili ya kwanza iliharibika, kwa kuwa alienda akijua kutoa lakini hajui kupokea. Kwa hiyo aliweka sharti. Atakayetumwa akae kwanza miezi mitatu katika nyumba ya watu wasio wa kabila lake. Asichague chakula. Asihubiri bila kuombwa. Asiguse kazi ambayo hajaitwa kuifanya. Miezi ikiisha, kamati itakuja kuwauliza wenyeji swali moja tu: mngependa arudi? Kila mtu wa nyumba atajibu mwenyewe, hata mtoto, na mmoja akisema hapana, safari itangoja mwaka mzima. Walichagua nyumba ya Cucu kwa sababu Cucu hakuwa anadanganya hata kwa adabu.

Ndivyo Dada Nekesa alivyokuja, mtu wa Bungoma, msusi wa Kenyatta Market, na begi moja lenye zipu iliyofungwa kwa pini. Alikuwa anatakiwa kwenda kaskazini mwa Thailand, kwenye vijiji vya milimani, kujiunga na kikundi kidogo cha Wakristo wanaofundisha watoto na kutembelea wazee. Usiku wa kwanza nusura githeri, yale mahindi na maharagwe ya Cucu, imuue. Kwao, kubakisha chakula ni kumwambia mpishi hajui kupika, kwa hiyo alimaliza sahani. Kwa Cucu, sahani tupu ni kilio cha mgeni mwenye njaa, kwa hiyo aliijaza. Akamaliza. Ikajazwa. Sahani ya nne alikuwa anatafuna na machozi yakimlenga, na Cucu, ambaye naye alikuwa anaona sufuria inaisha, akanigeukia na kuniuliza kwa Kikuyu kama kule kwao kuna ukame. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone; usiku ule hakupona yeyote.

Kosa lake kubwa lakini lilikuja wiki ya pili, na lilitokana na wema. Aliamka mapema kuliko Cucu, akaona ndoo, akaona ng'ombe, akakama. Alileta maziwa jikoni yakiwa na povu, akitabasamu. Cucu aliitazama ile ndoo, akasema asante, akakaa siku mbili bila kuzungumza. Alipika, alifagia, aliimba kwa pua, lakini neno halikutoka. Dada Nekesa alikonda kwa hofu. Mwishowe ni mimi niliyemwambia, kwa sababu nilidhani kila mtu anajua: Cucu husali akikama. Huegemeza paji la uso kwenye ubavu wa Kanini na kuwataja watu wake wote, mmoja mmoja, kuanzia marehemu babu hadi mimi. Dada Nekesa alikuwa amemkamia sala zake. Kesho yake alikaa juu ya debe nje ya zizi, mikono mapajani, bila kugusa kitu. Asubuhi ya nne hivi, Cucu alimwita amshikie ndama. Ile ya sita nilimsikia Cucu, kichwa kikiwa ubavuni mwa ng'ombe, akitaja jina la Nekesa baada ya langu. Sikupenda kuwa wa pili kutoka mwisho. Halafu nikapenda.

Nilimpenda sana, niseme ukweli. Jumamosi alinikalisha katikati ya magoti yake kwenye ngazi ya nyuma na kunisuka huku akinielezea milima asiyowahi kuiona. Alisema huko watu huvua viatu mlangoni, na wali huliwa asubuhi, mchana na jioni. Nilikuwa namwuliza kama kuna ng'ombe, kama kuna watoto wenye mama wa Jumapili. Vidole vyake vilikuwa na baridi na vilinukia mafuta ya nazi. Mimi ni mtu wa kuota tangu zamani, na kwenye ile ngazi nilishafika Thailand mara nyingi, nikiwa nimesimama kando yake na begi langu.

Wiki ya mwisho ndipo nilipouona mtego wa lile swali la kamati. Tukisema tunataka arudi, anaondoka. Tukisema hatutaki arudi, anabaki. Niligeuza jambo hilo kichwani siku nzima shuleni, na jioni, akiwa amenisuka nusu ya kichwa, nikamwambia bila kumtazama.

"Nitawaambia sitaki urudi."

Kitana kilisimama. Nilingoja anibembeleze, nikiwa tayari kukataa.

"Ili nisiende?"

"Eee."

"Sawa, mamangu. Lakini leo ni Jumatano. Ukitaka isiwe uongo kamati ikija Jumamosi, anza kunikataa sasa hivi. Usinitake kweli kweli."

Niliona hilo ni la haki. Nikainuka palepale na nusu ya kichwa changu, nikaingia ndani.

Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Alhamisi asubuhi alinisalimia, nikaangalia ukuta. Aliniachia chai yangu, nikainywa nikijiambia ilitengenezwa na mtu mwingine. Nilienda shule upande mmoja mistari safi, upande mwingine kichaka, na wanafunzi wenzangu hawakuwa na huruma. Mvulana mmoja wa darasa letu alinizunguka mara mbili kabla ya kengele, akauliza, "Niaje Ciku, msusi alishukia stage gani?" kana kwamba aliyenisuka alishuka matatu kabla ya kituo cha mwisho, na jina Nusu Stage likanifuata hadi Ijumaa. Nilikuwa nikirudi nyumbani nikiwa na hamu ya kumwambia Dada Nekesa, kwa sababu yeye ndiye angecheka vizuri zaidi, halafu nikikumbuka kwamba simtaki. Naye hakunilazimisha. Alikaa mbali kidogo, kama alivyokaa nje ya zizi, mikono mapajani. Cucu alituona sisi wawili, akatikisa kichwa, akasema tu kwamba penye wazee hapaharibiki neno, lakini hapa anaona mzee ni mmoja na amechoka.

Jumamosi wakaja watatu: Mchungaji, mama mmoja wa kwaya, na mzee wa kanisa aliyekuja na daftari na koti la harusi. Dada Nekesa alitumwa dukani ili tuseme kwa uhuru. Cucu aliulizwa wa kwanza. Alisema binti huyu anakula kupita kiasi, hajui kuwasha moto wa kuni mbichi, na akirudi kesho au baada ya miaka kumi, mlango ni huo. Yule mzee aliandika, kisha wote wakanigeukia. Nilikuwa na neno langu tayari, hapana, fupi, nilikuwa nimelifanyia mazoezi chooni. Mchungaji aliinama akaniuliza taratibu, "Na wewe Ciku, ungependa Dada Nekesa arudi?"

Nilifungua mdomo. Upepo ukapita kwenye ule upande wa kichwa usiosukwa, ukanichoma kwa baridi, na nikasikia sauti yangu ikisema, "Nataka arudi animalizie nywele."

Mama wa kwaya alicheka hadi akashika meza. Mimi nilikuwa nalia. Nilieleza haraka kwamba namaanisha arudi kutoka dukani, dukani tu, si kutoka ng'ambo, waandike hivyo. Mzee aliinua kalamu akamtazama Mchungaji. Mchungaji hakucheka. Alinichukua akaniketisha kando yake na kuniuliza tena, akiniambia kwamba nikisema hapana ataiandika hapana kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna atakayenikasirikia. Niliona anamaanisha. Lango lililia, Dada Nekesa alikuwa anaingia na sukari, akitembea polepole makusudi ili asitusikie. Ilibidi nichague kati ya kuwa naye na kusema ukweli juu yake.

"Nataka arudi," nikasema. "Hata kutoka mbali."

Jioni hiyo alinimalizia nywele. Alisuka mistari myembamba sana, ile inayochukua muda, na hatukuongea habari za Thailand hata kidogo. Nilimhadithia Nusu Stage, naye alicheka hadi kitana kikamdondoka. Jumapili iliyofuata Mama alikuja, na jioni alipofunga kitambaa chake cha kichwa sikwenda zizini. Nilimshika mkono nikamsindikiza hadi barabarani. Boda boda ilipokuwa inawaka nilimwambia, "Mama, nataka urudi." Alikuwa ameshakaa. Alishuka, akanikumbatia kwenye vumbi mbele ya yule dereva, akapanda tena. Kumbe ndilo neno linaloambiwa mgongo unaokwenda.

Sasa nina miaka ishirini na miwili. Nilisoma hadi kidato cha nne, na nasuka Kenyatta Market, moshi wa nyama choma ukinipitia siku nzima; wateja wananiambia nina mikono ya haraka na kichwa kilicho mawinguni. Ni kweli, bado naota, na labda siku moja nitatumwa mimi. Kanisa letu siku hizi ni la mawe na limetuma watu wanne. Wanaotaka kwenda wanajaza fomu mtandaoni na kuhojiwa ofisini na watu wenye vitambulisho shingoni. Fomu ni nzuri, nimeiona, inauliza mambo mengi ya maana. Lakini hakuna tena anayeenda kumwuliza bibi mwenye ng'ombe wala mtoto wa miaka minane, na nadhani hapo tumepungukiwa.

Dada Nekesa bado yuko kule milimani. Huja likizo kila baada ya miaka mitatu au minne, akikaa kwanza kwetu wiki moja kabla ya kupanda basi la Bungoma. Kanini hayupo, na mahali pa yale majani mjomba amejenga ploti ya vyumba kumi, wapangaji wanaanika nguo na kugombania maji. Mama aliacha kazi ya Loresho na anaishi nasi. Vyumba tisa vimejaa. Chumba namba nne kina kitanda, blanketi na kufuli, na watu wakija kuulizia, Cucu, ambaye sasa anatembea na mkongojo, anawajibu kuwa kina mtu. Mjomba amelalamika hadi amenyamaza. Mwezi uliopita kijana mmoja mpangaji, aliyekuwa akimtafutia rafiki yake chumba, alimwambia, "Lakini Cucu, hiki tangu nihamie hata taa haijawahi kuwaka." Cucu alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Kina mtu," akasema. "Hajafika tu."