Usijaze namba usiyopewa: somo la baba yangu kule Mutakura

Wakuu, salaam kwenu wote.

Juzi kuna mwenzetu aliuliza humu namna ya kumfundisha mwanafunzi kuuliza maswali badala ya kukariri. Majibu yalikuwa mengi, matusi kidogo, utani kibao kama kawaida yetu. Mimi nilisoma, nikafunga simu.

Leo nimeona niandike. Yalinipata mwenyewe, na sina sababu ya kuongeza chumvi. Mwenye kutafuta kicheko apite uzi mwingine.

Mimi ni mzaliwa wa Bujumbura. Wakati wa vita vya Burundi nilikuwa darasa la nne, tunakaa mtaa wa Kinama, shule iko Mutakura. Mwalimu wa darasa langu alikuwa baba yangu mzazi.

Nyumbani Papa, darasani maître, yaani mwalimu. Siku moja nilijisahau nikamwita Papa mbele ya wenzangu. Walinicheka mpaka likizo.

Sasa oneni alivyofundisha. Enzi zile mwalimu anasoma hesabu, unaandika jibu kwa chaki kwenye kibao chako kidogo cheusi, akigonga meza wote mnainua vibao juu. Ukikosea, fimbo. Ndiyo elimu tuliyoijua.

Papa naye aligonga meza. Hesabu yake ya kwanza mwaka ule ilikuwa hivi: mama ametoka Kinama na kikapu cha ndizi, sokoni akauza nusu. Amebakiwa na ndizi ngapi?

Tukainua vibao. Mimi niliandika sita. Jirani yangu kumi. Kuna aliyeandika mia, sijui kikapu chake kilibebwa na lori!

Papa akapita katikati ya madawati akisoma, anacheka peke yake.

"Wote muko na akili," akasema. "Lakini nani aliwaambia mu kikapu mulikuwa ndizi ngapi? Musijaze namba hamukupewa."

Tangu siku hiyo ikawa sheria. Kabla ya jibu, kibao kinainuliwa na swali. Tunajua nini? Hatujui nini? Na la tatu, alilolipenda kuliko yote: nani anajua?

Alisema kitu usichokijua kuna mtu anakijua, kazi yako ni kumtafuta umuulize bila woga.

Wakuu, bila woga! Katika mji ambao watu wazima walishusha sauti hata wakiulizana bei ya makaa. Kuna wazazi walikwenda kwa directeur, mkuu wa shule, kulalamika kwamba watoto wao wamekuwa wadadisi. Papa hakujali. Jioni alimjaribu Mama kwa maswali ya kesho yake, na Mama naye akawa anainua kibao changu jikoni, tunacheka.

Asubuhi moja niliamka na homa. Kwa kawaida Papa alinipakia nyuma ya baiskeli. Siku hiyo akanigusa paji la uso, akasema nibaki. Nilisikia kengele ya baiskeli akitoka uani, halafu basi.

Haukupita muda tukasikia risasi upande wa barabara ya shule. Mama akanivutia chini ya kitanda.

Jioni Papa hakurudi.

Tulihama Kinama na godoro moja, tukaenda Buyenzi kwa dada yake Papa, Tantine Goreti. Watu walikuja pale wengi, wanakaa, wananong'ona. Mimi nikiingia, hata yule aliyekuwa anaongea ananyamaza.

Nikamuuliza Mama, "Papa iko wapi?"

"Ameenda Gitega, kwa kazi. We lala."

Nikamfuata Tantine. Yeye alinishika mkono kwa nguvu. "Mutoto, wacha kuulizauliza. Utatuletea balaa."

Simlaumu. Kwetu mtoto haambiwi habari za namna ile, anaambiwa mtu amesafiri. Na nyakati zile swali la mtoto likisikika pabaya, nyumba nzima inaweza kulilipia.

Basi nikaifanya kama hesabu. Nilikaa nyuma ya nyumba na kibao changu. Najua baiskeli haipo. Najua Mama hacheki. Sijui Gitega kuna kazi gani isiyoisha. Nani anajua? Nauinulia ukuta kibao, kisha nafuta.

Shule mpya niliyopelekwa nilimwinulia maîtresse, mwalimu wa kike, swali badala ya jibu. Akasema, "Futa hiyo, andika jibu." Nikafuta. Nilimkumbuka Papa siku ile.

Miezi ikapita. Kiangazi kikafika, na pale nyumbani mambo yakabadilika. Viti vikaazimwa. Turubai likafungwa uani. Makreti ya bia na Fanta yakashushwa. Mama akasukwa nywele, akapata nguo mpya. Ndugu wa Papa wakaja kutoka milimani wamependeza.

Wakuu, mngefikiria nini mngekuwa mimi?

Papa anarudi! Hakuna aliyeniambia, na mimi sikumuuliza mtu. Nilikiosha kibao, nikaandika hesabu niliyoitunga mwenyewe nimwonyeshe, nikaenda kukaa getini ili nimuone wa kwanza. Ile furaha sijawahi kuipata tena.

Watu wakala, wakanywa. Mimi bado getini. Nikasikia kaka yake Papa amesimama anashukuru wageni. Akasema machozi yanaishia leo, mjane sasa aendelee na maisha.

Neno mjane nililijua.

Waliokulia kwetu mmeshaitambua sherehe hiyo. Ni levée, siku ya kumaliza kilio. Inafanyika muda mrefu baada ya msiba.

Niliingia katikati ya watu. Nikafuta hesabu yangu kwa kiwiko, nikaandika maneno mawili, nikasimama mbele ya Mama na kuinua kibao juu kama tulivyofundishwa.

NANI ANAJUA?

Tantine akanyanyuka aninyang'anye. Mama akamzuia kwa mkono. Alikisoma kile kibao, akawa kama anakisoma tena. Alilijua swali lile linatoka kwa nani.

"Mi najua," akasema. "Mi ndo najua, mwana wanje, mtoto wangu. Papa yako alikufa siku ile ile. Hakufika ku shule."

Siku ya levée hairuhusiwi kulia. Tulilia wote wawili, na hakuna aliyethubutu kutukataza.

Siku hizi na mimi nafundisha. Maswali ya Papa ni yale yale matatu, na wanafunzi wangu wananisumbua nayo hasa, nafurahi.

Ila kwa yule mwenzetu aliyeuliza, jibu langu ni hili. Kumfundisha mtoto kuuliza ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mtu mzima kuwa tayari kujibu. Nyumba isipojibu, mtoto atajaza mwenyewe, na mtoto siku zote hujaza namba nzuri.

Karibuni kwa maoni. Kama na wewe uliwahi kuambiwa mtu amesafiri, tuambie ulimsubiria wapi, na nani hatimaye alikwambia ukweli.

Mimi mpaka leo kengele ya baiskeli ikilia nyuma yangu, nageuka.