Mkono wa Somo Kwenye Picha

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka kila ninapofungua kompyuta. Nilikuwa kijana, nafanya kazi studio ya picha Mocímboa da Praia, kwa Mzee Bakari, Mungu amrehemu. Nilijiona fundi kuliko yeye.

Nilikuwa nimempiga picha bibi arusi mmoja, Maimuna. Ameinamisha macho, na somo wake, mwanamke aliyemfunda, amemwekea mkono begani. Ndivyo ilivyo desturi yetu. Maimuna alitaka picha kubwa ya kupeleka ukweni, Palma. Mimi nikataka ang'ae peke yake. Nikatia giza pembeni kote, na ule mkono wenye mikunjo nikaufuta kabisa, nikahifadhi juu ya picha ileile. Kadi ya kamera nilikuwa nimeshaifuta, kwa hiyo picha ya asili sikuwa nayo tena.

Alipokuja kuichukua aliitazama, akaniuliza bila kupandisha sauti.

"Kaka, somo wangu umempeleka wapi? Wakwe wataniona sikufundwa na mtu."

Nikaenda kumwita mzee. Alhamdulillahi, Mzee Bakari alikuwa na mazoea ya kutoa nakala ya kila kadi kabla hatujaigusa. Akanikalisha, akafungua nakala yake, akaweka tabaka la giza juu ya picha, na juu ya tabaka hilo kile kifuniko ambacho sisi huku tunakiita maskara. Alipopaka nyeusi kwenye kifuniko, giza lilijificha. Alipopaka nyeupe, likarudi. Chini yake picha ilikuwa nzima, haijaguswa.

"Ukifunika, kesho utafunua," akaniambia. "Ukifuta, ndiyo basi. Sasa wewe ni fundi au mchinjaji?"

Tukaviangazia vyote viwili, uso wa Maimuna na mkono wa somo wake. Maimuna alipouona akacheka mpaka machozi.

"Mtazameni somo wangu, hina kapaka vidole vitatu tu. Mvivu huyu!"

Basi, mwanangu, ukitaka kumtukuza mtu, usiwafute waliomlea. Ukiona aibu ya mwenzio, isitiri, wala usimwondoe yeye mwenyewe. Mola wetu ni Msitiri. Hutufunika miaka na miaka, naye anatuacha wazima ili tupate kutubu. Na kazi ya watu usiiguse kabla hujaiwekea nakala. Hilo nalo ni amana.

Mwenyezi Mungu akusitiri duniani na akhera, akuoneshe mema ya wenzako kabla ya kasoro zao. Amina.